Mabua ya mpunga yaweza kuwa mbao, lakini hesabu yake ni ngumu

MAVUNO ya mpunga yanapokwisha katika mashamba ya umwagiliaji, yawe ya Mbarali mkoani Mbeya, Dakawa mkoani Morogoro au Mwea nchini Kenya, nafaka huingia maghalani na shamba hubaki limejaa mabua. Baadhi ya mabua hayo huliwa na ng'ombe, mengine huuzwa kwa wafugaji, na mengine hutiwa kiberiti ili shamba lisafishike upesi kwa ajili ya msimu unaofuata. Moshi hupanda, majivu hubaki, na mkulima huona kwamba kazi imekwisha.

Wakati huo huo mafundi seremala wa mijini hununua kila siku mbao za viwandani, yaani MDF na chipubodi, kwa ajili ya makabati, milango, vitanda na meza. Mbao hizo si mbao zilizopasuliwa kwa msumeno. Ni nyuzi na vipande vidogo vya miti vilivyochanganywa na gundi, kisha vikashindiliwa kwa joto kali hadi vikawa ubao mmoja mpana na mnyoofu.

Swali linalojitokeza ni rahisi. Ikiwa ubao huo ni nyuzi za mmea zilizogandishwa, kwa nini nyuzi hizo zisitoke katika mabua yanayochomwa moto badala ya miti inayochukua miaka mingi kukua?

Jibu fupi ni kwamba zinaweza kutoka huko, na wapo waliokwisha kufanya hivyo. Jibu refu ni kwamba baadhi ya viwanda vikubwa vilivyojaribu kazi hiyo vilifilisika, ingawa bidhaa zao zilikuwa nzuri. Ni vyema chama cha ushirika, halmashauri au mwekezaji yeyote anayelitazama jambo hili akazijua sababu za pande zote mbili kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ubua na mti ni wa ukoo mmoja

Mti na ubua vimejengwa kwa vitu vile vile vitatu. Cha kwanza ni selulosi, ambayo ndiyo nyuzi zenyewe zinazoupa mmea nguvu. Cha pili ni hemiselulosi, inayoziunganisha nyuzi hizo. Cha tatu ni lignini, ambayo ni kama saruji ya mmea: huujaza ukuta wa chembe na kuufanya usimame wima.

Tofauti iko katika vipimo. Katika miti mingi lignini hufikia kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito mkavu, ilhali katika mabua ya nafaka huwa pungufu kidogo. Selulosi ya mabua huwa karibu theluthi moja hadi asilimia 40. Kwa hiyo malighafi ya ubao imo ndani ya ubua, na hakuna muujiza wowote unaohitajika.

Hata hivyo, ubua una mambo mawili ambayo mti hauna. Kwanza, ngozi yake ya nje imepakwa nta nyembamba inayoukinga mmea dhidi ya maji. Pili, una silika, madini yale yale yanayounda mchanga. Yeyote aliyewahi kupalilia mpunga anajua jinsi jani lake linavyoikata ngozi. Kinachokata ni silika hiyo. Majivu ya mabua ya mpunga, ambayo kwa sehemu kubwa ni silika, huweza kuzidi asilimia 10 ya uzito wake, wakati ya miti mingi hayafiki hata asilimia moja. Mambo hayo mawili, nta na silika, ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya kiufundi yatakayoelezwa hapa chini.

Wazo la zamani

Kutumia mabaki ya mimea katika ujenzi si jambo jipya. Wajenzi wa nyumba za udongo wamechanganya makapi na tope kwa karne nyingi ili ukuta usipasuke. Katika viwanda, miaka ya 1920 kampuni ya Celotex ilianza kutengeneza bodi za kuzuia joto kutokana na makapi ya miwa huko Louisiana, Marekani.

Mwaka 1924, William Mason wa Laurel, Mississippi, aligundua kwamba vipande vya mti vikipashwa moto kwa mvuke wenye shinikizo kubwa, kisha shinikizo hilo likaondolewa ghafla, hulipuka na kuwa nyuzi laini. Nyuzi hizo zikishindiliwa kwa joto hushikana kwa lignini yake zenyewe. Huo ndio ukawa mwanzo wa hadibodi. Mwaka 1931, Arne Asplund wa Sweden alibuni mashine inayosaga vipande vilivyolainishwa kwa mvuke kati ya sahani mbili za chuma, na njia hiyo ndiyo msingi wa viwanda vya MDF hadi leo.

Sweden hiyo hiyo ndiko yalikoanzia, katika miaka ya 1930, mabamba ya mabua matupu yaliyoshindiliwa kwa joto bila kutiwa gundi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia teknolojia hiyo ilihamia Uingereza kwa jina la Stramit, ikatumika kutengeneza kuta za ndani na dari wakati mbao zilipokuwa adimu. Mabamba hayo ni mazito na hushindiliwa sana kiasi kwamba hewa haipenyi kwa urahisi. Ndiyo maana hayashiki moto upesi kama watu wanavyodhani wanaposikia neno mabua.

Namna ubao unavyotengenezwa

Safari ya ubao huanzia shambani. Mabua hukusanywa yakiwa makavu, hufungwa marobota kwa mashine na kuhifadhiwa mahali pasipovuja. Yakihifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu na kuoza, na yanaweza hata kujipasha moto yenyewe na kuwaka.

Kiwandani, marobota hufunguliwa, mabua hukatwakatwa na kuchekechwa ili kuondoa udongo, vumbi na punje zilizobaki. Hapo njia hugawanyika. Anayetaka ubao wa chembe, unaofanana na chipubodi, husaga vipande hivyo katika kinu. Anayetaka ubao wa nyuzi, yaani MDF, huvilainisha kwanza kwa mvuke wa joto, kisha huvipitisha kati ya sahani za chuma zinazozunguka hadi vinakuwa kama pamba.

Baada ya hapo nyuzi hukaushwa, hunyunyiziwa gundi na kutandazwa kama godoro nene. Godoro hilo hushindiliwa kwanza kwa baridi ili litoke hewa, kisha huingizwa katika mashine ya kushindilia yenye joto la karibu nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Katika dakika chache gundi hukomaa na godoro hugeuka ubao. Kinachobaki ni kuupoza, kuupiga msasa na kuukata kwa vipimo vya sokoni.

Ubao wa aina ya MDF kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 600 hadi 800 kwa mita moja ya ujazo. Hadibodi huzidi kilo 900, na bodi laini za kuzuia joto na kelele huwa chini ya kilo 400. Kwa hiyo nyuzi zile zile huweza kutoa bidhaa tofauti kwa kubadili tu kiasi cha kushindiliwa.

Gundi ndiyo kiini cha tatizo

Viwanda vingi vya mbao za miti hutumia gundi ya yurea na formaldehaidi kwa sababu ni ya bei nafuu. Gundi hiyo ina dosari mbili. Kwanza, huendelea kutoa hewa ya formaldehaidi ndani ya nyumba hata baada ya samani kununuliwa. Mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehaidi katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na tangu wakati huo nchi nyingi zimepunguza kiwango kinachoruhusiwa.

Pili, na hili ndilo linalowahusu watengenezaji wa mbao za mabua, gundi hiyo imechanganywa na maji, nayo haishiki vizuri juu ya ngozi yenye nta. Ubao unaotoka huwa dhaifu na huvimba upesi unapolowa.

Suluhisho lililopatikana ni gundi ya jamii ya isosianeti, inayojulikana kwa kifupi kama MDI. Hii hupenya, hushikamana na nyuzi kwa nguvu za kikemia na haina formaldehaidi. Aidha hutumika kidogo: asilimia 3 hadi 5 ya uzito hutosha, ilhali ile ya yurea huhitajika kwa kiasi cha mara mbili au zaidi ya hapo. Lakini bei yake kwa kilo ni mara kadhaa ya ile nyingine. Hunata pia kwenye chuma, kiasi cha kuulazimu ubao uliokomaa kung'ang'ania mashine endapo sahani hazikupakwa dawa maalumu. Tena mvuke wake kabla haujakomaa huweza kuwasababishia wafanyakazi ugonjwa wa pumu, hivyo kiwanda hakina budi kuwa na mitambo mizuri ya kunyonya hewa. Ubao ukishakomaa hatari hiyo huondoka.

Silika nayo hudai fungu lake. Visu, sahani za kusagia na misumeno huwa butu mapema kuliko vinapokata miti, na gharama ya kuvinoa au kuvibadilisha huingia katika bei ya kila ubao.

Funzo la Elie na Willows

Mwaka 1992 moshi wa mabua yaliyochomwa na wakulima uliufunika mji wa Winnipeg katika jimbo la Manitoba, Kanada, na serikali ya jimbo ikaanza kudhibiti uchomaji. Katika hali hiyo kilizaliwa kiwanda cha Isobord katika kijiji cha Elie, magharibi mwa Winnipeg, kilichoanza kazi mwaka 1998 kikitumia mabua ya ngano na gundi ya MDI. Miaka mitatu kabla yake, kiwanda kidogo cha PrimeBoard kilikuwa kimefunguliwa Wahpeton, North Dakota, nchini Marekani, kwa kazi kama hiyo.

Ubao wa Elie ulikuwa mwepesi, imara na usio na formaldehaidi. Wanunuzi waliujali mazingira, lakini walijali bei zaidi. Kiwanda kilielemewa na madeni, na mwaka 2001 kilinunuliwa na Dow, kampuni ambayo yenyewe hutengeneza gundi ya MDI. Hata mmiliki huyo mwenye gundi yake mwenyewe hakuweza kukiendesha kwa muda mrefu. Kilifungwa kabla ya muongo huo kwisha.

Kisa cha pili ni cha California. Mwaka 1991 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kupunguza hatua kwa hatua uchomaji wa mabua ya mpunga katika Bonde la Sacramento. Wakulima walibaki na mabua wasiyojua pa kuyapeleka. Baada ya takribani miongo miwili ya matayarisho, kampuni ya CalPlant ilijenga karibu na mji wa Willows kiwanda cha kutengeneza MDF kutokana na mabua ya mpunga, kwa gharama iliyozidi dola milioni 300 za Marekani. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa mwaka 2020. Oktoba 2021 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya kufilisika, ikiwa imeelemewa na ucheleweshaji wa ujenzi na gharama zilizopanda.

Visa hivyo viwili havithibitishi kwamba mabua hayafai. Vinathibitisha kwamba ubao wa mabua hushindana sokoni na ubao wa miti unaotengenezwa kwa taka za viwanda vya kupasua mbao, ambazo tayari ziko kiwandani, ni nafuu na hupatikana mwaka mzima. Kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa mkopo mkubwa hakina nafasi ya kukosea hata msimu mmoja.

Hesabu ya marobota

Mabua yenyewe huonekana kama kitu cha bure. Kwa kila kilo moja ya mpunga, hubaki takribani kilo moja ya mabua. Lakini mabua ni mepesi na hujaza nafasi kubwa, kwa hiyo lori hujaa kabla halijafikia uzito wake.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachohitaji tani 60,000 za mabua kwa mwaka. Ikiwa kila hekta itatoa tani mbili baada ya kuacha nyingine shambani, zitahitajika hekta 30,000. Robota lililofungwa vizuri huwa na uzito wa takribani kilo 150 kwa mita ya ujazo. Hivyo shehena yote itajaza mita za ujazo 400,000. Ikirundikwa kwa kimo cha mita tano, itafunika hekta nane, yaani kama viwanja 11 vya mpira wa miguu. Na kwa kuwa mavuno huja kwa wiki chache tu wakati kiwanda hufanya kazi miezi 12, sehemu kubwa ya shehena hiyo lazima ihifadhiwe, ilindwe na mvua, panya na moto.

Katika nchi ambazo mashamba ni ya ekari moja au mbili na barabara za vijijini hukatika wakati wa masika, hesabu hiyo huwa ngumu zaidi. Ukusanyaji pekee, achilia mbali gundi, unaweza kuamua kama kiwanda kitaishi au kitakufa.

Shamba nalo lina haki yake

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba mabua si taka. Kila tani ya mabua ya mpunga hubeba takribani kilo 5 hadi 8 za naitrojeni na kilo 12 hadi 17 za potasiamu. Mkulima anayeuza mabua yote kila msimu huuza pia rutuba ya shamba lake, na asipoirudisha kwa mbolea atalipia baadaye kwa mavuno yanayopungua.

Hata hivyo, anayechoma hafanyi vizuri zaidi. Moto huondoa karibu naitrojeni yote na kuiacha sehemu tu ya madini mengine katika majivu. Nchini India, uchomaji wa mabua ya mpunga katika majimbo ya Punjab na Haryana kila Oktoba na Novemba huongeza moshi mzito unaolifunika jiji la Delhi na kuwadhuru wenye matatizo ya mapafu. Kwa hiyo kulinganisha kuuza na kuchoma ni jambo moja, na kulinganisha kuuza na kulisha mifugo au kurutubisha udongo ni jambo jingine. Huko Mwea, ambako mabua huuzwa kama chakula cha ng'ombe wa maziwa, kiwanda cha mbao kingelazimika kumpa mkulima bei inayozidi ya mfugaji.

Nyuzi nyingine zilizo karibu

Mpunga si mmea pekee wenye nyuzi. Viwanda vya sukari huwa na makapi ya miwa yaliyokwisha kukusanywa mahali pamoja, jambo linaloondoa gharama ya usafiri. Tatizo ni kwamba makapi hayo tayari yana kazi: huchomwa katika matanuri ya viwanda hivyo ili kupata mvuke na umeme.

Katika mkonge, nyuzi zinazouzwa ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Zinazosalia ni maji na nyama ya jani, hivyo si rahisi kugeuza mabaki yote kuwa ubao. Hufaa zaidi kwa mbolea au gesi. Nyuzi fupi ambazo hazifai kwa kamba zinaweza kutumika katika bodi.

Pwani yetu ina mfano mwingine. Akina mama wa Zanzibar tangu zamani hufukia makumbi ya nazi katika mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha huyaponda ili wapate usumba wa kusokota kamba. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, wakishirikiana na wenzao wa Ufilipino, walionyesha mnamo mwaka 2004 kwamba kumbi zima lililosagwa linaweza kushindiliwa kwa joto likawa ubao mgumu bila gundi yoyote, kwa sababu lignini yake ni nyingi mno.

Kuhusu gundi, Afrika Mashariki haianzi mikono mitupu. Magamba ya miwati hutoa tannini, ambayo imetumika kutengeneza gundi ya mbao za viwandani nchini Afrika Kusini na Australia tangu miaka ya 1970. Kampuni ya TANWAT ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya zao hilo la miwati. Gundi ya tannini bado huhitaji kiungo cha kuikomaza, na mara nyingi hicho huwa formaldehaidi kidogo, lakini ni njia inayostahili kutazamwa na vyuo vyetu kabla ya kuagiza gundi yote kutoka ng'ambo.

Nini kifanyike

Kutokana na yote hayo, si busara kuanza na kiwanda cha mamilioni ya dola. Ni afadhali kuanza na mitambo midogo iliyo jirani na skimu za umwagiliaji, ikitengeneza kwanza mabamba yasiyohitaji gundi kwa ajili ya dari na kuta za ndani, kwani hapo gharama kubwa kuliko zote, yaani MDI, haipo. Mabamba hayo hayana budi kukingwa dhidi ya maji na mchwa, na wahusika wa viwango wayapime kabla hayajafika sokoni.

Pili, mikataba na wakulima iandikwe mapema, ikieleza bei ya robota, kiwango cha ukavu na kiasi cha mabua yatakayoachwa shambani. Tatu, madai kwamba mbao za mabua zitaokoa misitu yapimwe kwa uangalifu. Nchini Tanzania misitu humalizwa zaidi na upanuzi wa mashamba na uchomaji wa mkaa kuliko na viwanda vya mbao, hivyo ubao wa mabua utasaidia, lakini hautachukua nafasi ya hatua nyingine.

Mwekezaji akifika kijijini na ahadi ya kuyageuza mabua kuwa fedha, wanakijiji wamwulize maswali manne: gundi itatoka wapi na kwa bei gani, marobota yatahifadhiwa wapi wakati wa masika, rutuba itarudije shambani, na nani atanunua ubao huo iwapo ule wa miti utashuka bei. Akiwa na majibu ya hayo manne, mazungumzo ya bei ya mabua yanaweza kuanza.